Skrubu Ndani ya Gitaa la Baba

Kaka yangu Deo,

Hapana, hayajaisha. Uliyamaliza wewe peke yako pale stendi, ulipotoa kichwa kwenye dirisha la lori la kurudi Kasekese ukaniambia, "Skola, usinune. Ule ulikuwa utani wa harusi, na yale mengine ni mambo ya utoto. Yaishe." Lori likaondoka, mimi nikabaki napunga mkono kwenye vumbi, bibi harusi wa siku mbili, sina la kusema. Sasa ninalo. Tafuta mahali ukae, usome taratibu.

Kwanza ujue kwamba sikuandikii kwa sababu nina shida. Nina furaha, kaka, furaha ambayo hata kuieleza naona haya. Asubuhi nikifumbua macho namkuta Kulwa ameshachemsha chai, ameweka na tangawizi, kwa sababu nilimwambia mara moja tu wakati wa uchumba kwamba naipenda. Anachana nywele mbele ya kile kipande chetu cha kioo huku anaimba vibaya, na mimi nalala namsikiliza kama watu wanavyosikiliza salamu za redioni, nikingoja jina langu litajwe. Na linatajwa! Ananiita mayu, kama wanavyowaita mama zao kwao Usukumani. Nikimwambia mimi si mama yake anajibu, "Wewe ni mama wa nyumba hii, au kuna mwingine umemficha uvunguni?" Kwa hiyo hasira utakayoikuta humu haitoki kwa mwanamke mwenye maisha machungu. Inatoka kwa mwanamke mwenye raha zake ambaye amekuta skrubu.

Nitafika kwenye skrubu. Nianze na ile zawadi.

Ndugu wa bibi harusi walipoitwa kutoa zawadi, wewe ulitangulia, unacheza, umebeba kichwani kitu kirefu kimefungwa kwenye blanketi la baba. Wanawake wakapiga vigelegele. Moyo wangu ulishtuka, maana lile blanketi nalijua. Ukachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mzee miguu imemkataa, hakuweza kuja. Ila ametuma urithi. Huyu bibi harusi mnayemwona amekaa kwa adabu hivi, alipokuwa mdogo aliliruka gitaa la baba, na likafa hapohapo. Sasa aliyeua azike! Shemeji, nyie Wasukuma mmezoea kuchunga. Haya, chunga na hili, halili hata majani!"

Ukumbi mzima ukacheka. Shangazi alicheka mpaka akaomba maji. Na mimi nikacheka, kwa sababu bibi harusi akilia pale mbele watu watasema amelazimishwa kuolewa. Kulwa peke yake hakucheka. Alisimama, akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anapokea mtoto mchanga, akakaa, akaniinamia sikioni.

"Lilikufa kwa ugonjwa gani?"

Deo, nilimpenda tangu zamani, lakini pale nilimpenda upya. Katika miaka yote ile hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuuliza swali hilo. Wote tulijua muuaji, kwa hiyo hakuna aliyeutafuta ugonjwa.

Unalikumbuka lilipokuwa hai? Mimi nalikumbuka kuliko ninavyozikumbuka sura za walimu wangu. Gitaa la besi, la sauti nzito, rangi nyekundu, limechakaa na kuwa kahawia pale mkono wa baba ulipolalia. Alilinunua Tabora kwa mpiga muziki aliyekuwa anaacha kazi, hata mimi sijazaliwa, na tayari lilikuwa kuukuu. Amplifaya aliiendesha kwa betri ya lori. Lakini Jumamosi, akifanya mazoezi nyumbani, hakuwasha chochote. Alituita, wewe upande huu, mimi upande ule, tunaweka masikio kwenye ubao wenyewe. "Besi usiisikilize kwa masikio," alituambia. "Isikilize kwa mifupa." Akipiga, meno yetu yalitekenyeka. Wewe ulinikunjia uso kutoka upande wako, nami nikajizuia nisicheke, nikashindwa, na baba akasema, "Nyie wawili, mnanicheka au mnacheka muziki?" Hakuna mahali nilipokuwa mtu kamili kama pale.

Halafu ikaja ile harusi ya Kakese. Baba alivaa suti yake, akapanda mbele ya watu na wenzake watatu, akapiga uzi wa kwanza. Kimya. Akapiga tena. Akabadilisha waya, akakaza nyuzi, akagusa betri. Gitaa jembamba la mwenzake likalia, ngoma zikalia, na baba amesimama pale vidole vinakimbia bila sauti, mpaka mlevi mmoja akapaza sauti, "Mzee, umekuja kutuonyesha ubao?" Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa mapajani kwa mama. Niliuona mgongo wa baba ukipungua ndani ya ile suti.

Tuliporudi nyumbani shangazi ndiye aliyeanza. Alisema jana yake mchana aliniona namfukuza kuku atoke ndani, nikaliruka gitaa lililokuwa limelala kwenye mkeka. Ni kweli, nililiruka. Kuku alikuwa anaelekea kwenye unga. Shangazi akasema mtoto wa kike haruki chombo cha kazi cha baba yake, na kama ameruka, dawa yake ni ileile anayopewa mtu aliyekuruka miguu: arudi aruke tena kwa kule alikotokea. Baba hakuwa mtu wa mambo hayo, lakini siku ile alikuwa amechekwa. Akalaza gitaa kwenye mkeka uani, majirani wakajaa.

Niliruka. Baba akajaribu, kimya. Shangazi akasema sikuanzia upande wenyewe. Nani anakumbuka mtoto alitokea upande gani akimfukuza kuku? Wewe ulikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umeegemea mlango, ukasema, "Alitokea mlangoni. Hata mimi nilimwona." Nikaruka tena. Nikaruka mpaka gauni likachanika. Mama, Mungu amrehemu, ndiye aliyenishika mkono akanitoa. "Mtoto karuka gitaa, hajaruka kaburi. Mwacheni."

Hawakuniacha. Nilikuwa Mruka Gitaa kisimani, nikawa Mruka Gitaa shuleni, na hata nilipofaulu kwenda sekondari, wewe uliyenisindikiza uliwaambia wenzangu jina hilo kabla sijafungua sanduku. Ila jina halikuniuma sana. Kilichoniuma ni baba. Hakunipiga, hakunitukana. Alilifunga gitaa kwenye blanketi, akaliweka juu ya kabati. Na siku alipoazima gitaa la mwenzake akafanya mazoezi, nilikuja kuweka sikio langu mahali pangu pa siku zote, naye akanyoosha kiganja bila kuniangalia. "Wewe Skola, kaa kule." Wewe ulibaki. Umeyasahau maneno hayo manne? Mimi nimeyabeba mpaka nimevaa shela.

Sasa sikiliza ugonjwa wenyewe.

Baada ya harusi Kulwa alilipeleka gitaa kwenye kibanda chake cha ufundi redio pale sokoni, akasukuma redio za watu pembeni, akalilaza juu ya meza kwenye khanga yangu mpya. Nilimwambia, "Khanga hiyo ni ya zawadi." Akasema, "Na huyu je? Si zawadi?" Kwenye gitaa kuna kile kisanduku cheusi chini ya nyuzi, wenyewe wanakiita pikapu. Alishika nyaya mbili zinazotoka humo, akazigusa kwa ncha za mita yake ya kupimia umeme. Sindano haikutikisika hata kidogo.

"Njia imekatika humu ndani," akasema. "Humu kuna sumaku, na juu yake kuna waya mwembamba kuliko unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Uzi ukitetemeka, huu waya ndio unaosikia na kupeleka habari kwenye amplifaya. Ukikatika mahali pamoja tu, habari haifiki."

Nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Na mtu akiuruka?"

Aliweka mita chini. "Mayu, ng'ombe wote wa baba yangu wangepita juu ya hili gitaa mmoja mmoja, na waya usingekatika kwa kurukwa."

Nililia pale kwenye kibanda. Mteja aliyeleta pasi akageuka akaondoka na pasi yake.

Halafu Kulwa akapitisha kidole kwenye kona ya kile kisanduku, na kucha yake ikazama. Palikuwa na tundu, Deo, limezibwa kwa nta ya mshumaa, na ile nta ilichanganywa na dawa nyeusi ya viatu ili ifanane na kisanduku. Alichokonoa kwa sindano. Ndani kulikuwa na kipande cha skrubu kisicho na kichwa, kimepita katikati ya waya. Alikivuta kwa koleo, sumaku ikakivuta irudi nacho, wakagombana hivyo mpaka kikatoka. Akakiweka kiganjani kwangu.

"Hii haikuingia yenyewe," akasema. "Na aliyeziba tundu alijua kwamba lipo."

Mimi nilikuwa nanusa ile nta. Ilikuwa bado na harufu ya dawa ya viatu, na harufu ile ilinirudisha chumbani kwa baba, dirisha limefungwa, nina miaka tisa.

Nilikushikia tochi, kaka. Asubuhi ya siku ileile ya kuku. Ulikuwa umekata bati la debe la mafuta, umelisugua kwa majivu mpaka linang'aa, unataka kulifunga juu ya pikapu ili baba akipanda jukwaani Kakese gitaa lake limetamete kuliko la bendi ya mjini. Ulikuwa na furaha! Uliniambia, "Utaona atakavyoshangaa." Skrubu tatu ziliingia. Ya nne ilikataa, ukailazimisha kwa bisibisi, ikalia tak. Ukang'oa bati lote. Ukaniambia, "Skola, usimwambie mtu habari ya bati," kisha ukanituma maji kisimani. Nilidhani halikukupendeza. Niliporudi ulikuwa unapaka viatu vya baba dawa nyeusi, na mimi nikasema moyoni, kaka yangu jinsi anavyompenda baba.

Na sikumwambia mtu. Hilo ndilo linalonichemsha damu. Niliiweka siri yako mfukoni huku naruka mbele ya majirani kwa ajili ya kosa lako. Ningesema neno moja tu, bati, pengine baba angefungua pikapu siku ileile. Sikusema, kwa sababu uliniomba. Na wewe, ukiwa umeegemea ule mlango, ukasema, "Hata mimi nilimwona."

Kwa bati sikulaumu. Kosa lile hata leo naliona zuri. Mtoto aliyetaka gitaa la baba yake ling'ae, nani atamchapa? Mshumaa nao nauelewa, uliogopa. Lakini mlango, kaka. Mlango siusamehe bado. Na sasa unafundisha kwaya, unawapanga watu kwa sauti kila Jumapili, unawasimamisha waimbe habari za ukweli, na kwenye harusi yangu ukachukua kipaza sauti, mtu mzima mwenye watoto, ukauimba tena uongo wako wa utotoni, na kiitikio kikawa kicheko.

Kulwa alinikataza kukuandikia siku ile. "Ngoja ipoe," alisema. Nimengoja wiki mbili. Haijapoa. Imeiva.

Katika wiki hizo mbili Msukuma wako, mchunga ng'ombe wako, amelifufua. Acha nikusimulie, maana sioni kwa nini nifiche fahari yangu. Waya wa namna ile hauuzwi Mpanda. Alifungua simu mbovu ya mezani iliyokuwa kwenye takataka za kibanda, akatoa koili mbili za kengele, na humo kulikuwa na waya mwembamba mpaka ukiupumulia unapotea machoni. Akaigeuza baiskeli miguu juu, akafunga kile kipande cha pikapu kwenye kijiti kinachozungushwa na tairi la nyuma. Mimi nilizungusha pedeli. Yeye alishika waya kati ya vidole viwili vilivyopakwa poda ya mtoto, anaupeleka kushoto na kulia polepole, macho hayapepesi. Alikuwa ameshapima pedeli moja inazungusha kijiti mara ngapi. Kila nikimaliza kumi nachora mstari wa chaki ukutani. Tulihitaji mizunguko zaidi ya elfu saba.

Ulikatika mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sababu ya mama anayeuza maandazi pale mlangoni. Alichungulia akasema, "Jamani, maharusi wanapanda baiskeli ya kwenda mbinguni!" Nikacheka, mkono ukavuta, tik. Kulwa hakukasirika. Aliunganisha, akalehemu, akaniambia, "Cheka, mayu, ila cheka kwa mdomo, pedeli iachie." Unaona mwanaume niliyempata? Jioni za watu wengine katika fungate zao ni picha na soda. Zangu ni mistari ya chaki, magoti yamegusana chini ya baiskeli, tunanong'ona kama tumeiba kitu. Sitabadilishana na mtu.

Akachovya koili kwenye nta iliyoyeyushwa ili waya utulie. Akafunga kila kitu mahali pake. Akaunganisha amplifaya na betri. Akanipa gitaa mimi.

Nilikataa. Mikono yangu ilikataa yenyewe. Tangu nimezaliwa sijawahi kulipiga, na tangu miaka tisa sijaligusa. Akasema, "Ni la kwako, limetolewa mbele ya watu mia." Basi nikaweka kidole kwenye uzi mnene nikauvuta.

Deo, makopo ya skrubu yalicheza kwenye rafu. Yule mama wa maandazi akaingia mbio. "Mmefunga mashine ya kusaga humu?" Na mimi nikapiga zile noti nne za baba, zile za mwanzo alizokuwa akizirudiarudia Jumamosi. Hakuna aliyenifundisha. Zilikuwa kwenye mifupa.

Sasa nakuambia ninachotaka. Si pesa, wala si mbuzi, wala sitaki kikao cha ukoo. Najua baba macho yamefifia na barua zake zote unamsomea wewe. Ndiyo maana hii nimekuandikia wewe, na bahasha sikuibandika. Dereva wa lori anayekuletea akitaka kusoma njiani asome, nimemruhusu. Siku hizi za vyama vingi kila mtu anaambiwa aseme lake, na mimi nimesema langu. Lakini baba usimsomee. Sitaki alisikie kwenye karatasi yangu, kama mashtaka. Nataka alisikie mdomoni mwako, kama ulivyosema lile la mlangoni. Mweleze bati, mweleze na mshumaa. Mwambie Skola alipoliruka akimfukuza kuku, gitaa lilikuwa limeshakufa tangu asubuhi.

Na kama kweli alisema urithi apewe aliyeua, nitamwuliza mwenyewe. Kama hakusema, na lile nalo ulilitunga, liongeze kwenye orodha yako kabla sijafika.

Najiuliza pia umeishije na hii skrubu. Nilipokuwa naruka uani, niliona umeacha kucheka kabla ya wengine. Sijui ni kwa nini nakumbuka hilo. Labda ndiyo sababu bado nakuita kaka mwanzoni mwa barua hii, na labda ndiyo sababu skrubu sijaitia kwenye bahasha. Nimeifunga kwenye pindo la kitambaa changu. Nitakuwekea kiganjani mimi mwenyewe, kama nilivyowekewa.

Betri inachajiwa. Kulwa ameshaongea na mwenye lori la mahindi, amplifaya itakaa katikati ya magunia, gitaa litakaa mapajani kwangu. Tukifika sitalichomeka. Nitalilaza kwenye mkeka mbele ya baba na kukaa kimya mpaka wewe umalize kuongea. Kisha nitamshika mkono, niuweke kwenye ubao, na mimi nitaweka sikio langu upande wangu. Upande wako upo, ukiutaka. Nasubiri tu baba aseme, "Skola, njoo hapa."

Mwambie atutandikie. Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako uliyemtuma maji,
Skola